Uvimbe wa neva katika sikio la kati: maana, istilahi na matumizi

uvimbe wa neva *nm* [tiba] Ukuaji usio wa kawaida wa seli zinazoifunika neva au kuandamana nayo. Unapotokea katika sikio la kati hukua polepole, na kwa kawaida hausambai kwenda viungo vingine. Si saratani, ingawa unaweza kudhuru usikivu, ladha ya ulimi au mwendo wa uso. Ngeli: *uvimbe huu, uvimbe umekua*. Wingi unapohitajika katika maandishi ya tiba hutumiwa *vimbe*, kwa mfano wa *ukuta/kuta*: *vimbe hizi, vimbe mbili*.

Maradhi haya ni adimu, na kwa sababu hiyo istilahi zake hazijakomaa katika Kiswahili. Mfasiri anayekutana nayo hulazimika kutumia maneno ya kila siku, yaani *uvimbe, mshipa, kinyama, kupooza*, ambayo kila moja lina maana zaidi ya moja. Katika mazungumzo ya kawaida wingi huo wa maana hauleti madhara. Katika barua ya rufaa au fomu ya ridhaa ya upasuaji, neno moja lisilo wazi linaweza kumfanya mgonjwa akubali jambo asilolielewa, au alikatae jambo ambalo lingemfaa. Makala haya yanaeleza maneno hayo na kupendekeza matumizi yake.

## Mahali penyewe

Sikio hugawanywa sehemu tatu: *sikio la nje, sikio la kati* na *sikio la ndani*. Sikio la kati ni uwazi mdogo wenye hewa, ulio nyuma ya *kiwambo cha sikio*, ambacho wengi hukiita *ngoma ya sikio*. Ndani yake mna vifupa vitatu vilivyopewa majina ya vyombo vinavyofanana navyo: *nyundo, fuawe* na *kikuku*. Vifupa hivyo hupokea mtikisiko wa kiwambo na kuufikisha katika sikio la ndani.

Jambo ambalo msomaji wa kawaida halijui ni kwamba uwazi huo ni njia ya neva kadhaa ambazo nyingi hazina kazi ya kusikia. Zilizo muhimu kwa makala haya ni hizi:

1. Neva ya uso, ya saba katika jozi 12 za neva za kichwa. Hupita ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa kwenye ukuta wa sikio la kati, kisha hutoka na kuitawala misuli ya uso: kufumba jicho, kukunja kipaji, kutabasamu.
2. Uzi wa ngoma, tawi la neva ya uso linalokatiza kati ya nyundo na fuawe. Hubeba ladha kutoka theluthi mbili za mbele za ulimi.
3. Neva ya Jacobson, tawi la neva ya tisa, lililopewa jina la Ludwig Levin Jacobson (1783–1843), mwanaanatomia wa Denmark. Hutandaa kama wavu juu ya ukuta wa ndani wa sikio la kati.
4. Neva ya Arnold, tawi la neva ya kumi, lililopewa jina la Friedrich Arnold (1803–1890) wa Ujerumani. Tawi hili ndilo linalowafanya baadhi ya watu wakohoe wanapochokonoa sikio.

Kwa hiyo maneno *neva ya sikio* hayatoshi. Katika maandishi mengi yana maana ya neva ya nane, ambayo ndiyo ya kusikia na ya kuhimili mwili, nayo haipiti katika sikio la kati. Uvimbe wa neva hiyo ya nane hutokea mara nyingi zaidi kuliko vimbe zinazoelezwa hapa. Hukaa katika mfereji wa ndani wa sikio, karibu na ubongo, na dalili zake na upasuaji wake ni tofauti. Mfasiri aandike jina la neva inayohusika na sehemu ya sikio: *uvimbe wa neva ya uso katika sikio la kati*.

## Uvimbe

Neno hili limetokana na kitenzi *-vimba*, na maana yake ya kwanza ni hali ya kuvimba: mguu ulioteguka una uvimbe, na jino bovu huleta uvimbe wa shavu. Maana ya pili, ukuaji wa seli unaofanya donge, ndiyo ya kitabibu. Maana hizi mbili hutofautiana kwa namna zinavyomaliza. Uvimbe wa kwanza hupungua kwa dawa, kwa kukandwa au kwa muda, ilhali uvimbe wa pili haupungui hivyo.

Katika habari za sikio utata huu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa maambukizi ya sikio ni ya kawaida. Mgonjwa akiambiwa *una uvimbe ndani ya sikio* anaweza kudhani ni jipu au usaha, akaomba matone. Kitenzi ndicho kinachoondoa utata: uvimbe wa maradhi ya kuambukiza *umetokea*, uvimbe wa seli *umeota* au *unakua*. Sentensi *kuna uvimbe unaokua polepole nyuma ya kiwambo cha sikio* haina namna mbili za kueleweka.

Itofautishwe pia *kolesteatoma*. Hiyo si uvimbe kwa maana ya pili. Ni mrundikano wa ngozi mahali pasipostahili kuwa na ngozi, ambao hula mifupa midogo ya sikio na mara nyingi hufuatana na usaha wenye harufu. Sikio lililotoka usaha kwa miaka lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na maambukizi sugu au kolesteatoma kuliko kuwa na uvimbe wa neva.

## Neva, mshipa, mshipa wa fahamu

Neno *mshipa* ndilo lenye hatari zaidi katika uwanja huu. Katika Kiswahili cha kila siku lina maana hizi:

- njia ya damu, yaani ateri au vena: *mshipa wa mkono umeonekana, mchome sindano hapo*;
- neva: *mshipa wa jino*;
- kano au msuli unaouma: *mshipa wa shingo unavuta*;
- ngiri, na kwa baadhi ya wasemaji, busha: *ana mshipa*.

Maana hizi zimekaa pamoja bila ugomvi kwa sababu muktadha huzitenganisha. Katika sikio la kati muktadha hausaidii, kwa kuwa vimbe za aina zote mbili hutokea humo: zile za neva na zile zilizojaa mishipa ya damu. Kuandika *uvimbe wa mshipa* ni kuacha swali lenyewe bila jibu.

*Mshipa wa fahamu* umeenea sana nchini Tanzania katika hospitali na vyombo vya habari. Ni istilahi inayoeleweka, lakini ina kasoro moja. Neno *fahamu* humaanisha pia utambuzi: mtu aliyezimia *amepoteza fahamu*. Mgonjwa anayeambiwa kwamba mshipa wake wa fahamu unaweza kukatwa wakati wa upasuaji anaweza kuelewa kwamba atapoteza akili au hatazinduka.

*Neva* ni neno la mkopo kutoka Kiingereza, la ngeli ya I-/ZI-: *neva hii, neva hizi, neva ya uso*. Halina maana nyingine, na hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni kwamba si kila msikilizaji analijua. Njia inayopendekezwa ni kulitumia pamoja na maelezo mara ya kwanza, kisha kuendelea nalo peke yake: *neva ya uso, yaani uzi unaopeleka amri ya ubongo kwenye misuli ya uso*.

## Aina na majina

Shwanoma. Ni uvimbe unaotokana na seli za Schwann, zilizopewa jina la Theodor Schwann (1810–1882), mwanafiziolojia wa Ujerumani. Seli hizo huifunika neva kama ala inavyoufunika upanga, hivyo maelezo *uvimbe wa ala ya neva* yanafaa kwa msomaji asiye tabibu. Katika sikio la kati, shwanoma inayotajwa zaidi ni ya neva ya uso. Ile ya uzi wa ngoma na ile ya neva ya Jacobson ni adimu mno. Mfano wa ala una mpaka wake, hata hivyo. Upanga huchomolewa na ala ikabaki nzima, lakini katika neva ya uso nyuzi mara nyingi huwa zimechanganyikana na uvimbe, na kuuondoa wote huweza kumaanisha kuikata neva.

Paraganglioma. Ni uvimbe wa visehemu vidogo vya seli vilivyo kandokando ya neva ya Jacobson na ya Arnold. Katika vitabu vya zamani huitwa *uvimbe wa glomasi*. Umejaa mishipa ya damu, ndiyo maana huonekana mwekundu nyuma ya kiwambo, na mgonjwa husikia mlio unaokwenda sambamba na mapigo ya moyo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Huhesabiwa pamoja na vimbe za neva kwa sababu ya mahali ulipoanzia, lakini hautokani na ala ya neva. Mfasiri asiuite shwanoma.

Niuroma. Neno hili limetumiwa ovyo kwa shwanoma. Kwa usahihi, niuroma ni donge linaloota pale neva ilipojeruhiwa au kukatwa, na si uvimbe wa kweli. Matini ya zamani ikilitumia kwa maana ya shwanoma, tafsiri ifuate maana, isifuate neno.

## «Usio wa saratani» na «usio hatari»

Tafsiri mbili zimeshindana kwa uvimbe ambao hausambai mwilini: *uvimbe usio wa saratani* na *uvimbe usio hatari*. Ya pili ni fupi na inapendwa kwa kuwa inatuliza moyo, lakini kwa maradhi haya si ya kweli. Shwanoma ya neva ya uso haimuui mgonjwa wala haihamii mapafuni, lakini inaweza kumwacha na jicho lisilofumba na mdomo uliopinda. Paraganglioma inaweza kutoka damu nyingi ikiguswa bila maandalizi. Mtu aliyeambiwa kwamba uvimbe wake *si hatari* hana sababu ya kurudi kliniki baada ya miezi 6.

*Usio wa saratani* unasema jambo moja tu, nalo ni la kweli. Neno *saratani* limetoka Kiarabu, nalo lina maana ya kaa, kama lilivyo neno la Kilatini lililozaa *kansa*. Kwa msikilizaji wengi neno hili ni zito, na kulitaja hata kwa kulikanusha humtisha. Hofu hiyo isimfanye mfasiri akimbilie *usio hatari*. Ni afadhali sentensi mbili kuliko sifa moja ya uongo: *Uvimbe huu si saratani. Hata hivyo uko karibu na neva ya uso, na ukiendelea kukua unaweza kuidhuru.*

## Mfano wa njia ya rufaa: Kaloleni hadi Moshi

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini maneno yake ni ya kawaida. Mama mmoja mkazi wa Kaloleni, katika jiji la Arusha, anakwenda kituo cha afya. Muuguzi kijana anamsalimu *Shikamoo, mama*, naye baada ya kuitikia *Marahaba* anasema: *Sikio la kulia limeziba, mwanangu, na mshipa wa uso unavuta. Kuna wakati chai inanidondoka mdomoni.*

Ndani ya maneno hayo mna dalili mbili zinazotosha kuamsha shaka: usikivu uliopungua upande mmoja, na udhaifu wa uso upande huohuo. Barua ikiandikwa *sikio limeziba, maumivu ya mshipa*, dalili ya pili imepotea, kwa kuwa msomaji ataona malalamiko ya misuli ya shingo au ya taya. Ikiandikwa *usikivu umepungua sikio la kulia. Udhaifu wa uso upande wa kulia, ulioanza polepole*, daktari wa masikio, pua na koo atajua aanzie wapi.

Barua hiyo ina safari ndefu. Katika mfumo wa Tanzania mgonjwa hupanda kutoka zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya na ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Arusha ni Mount Meru. Kisha huenda hospitali ya rufaa ya kanda, ambayo kwa ukanda wa kaskazini ni KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na hatimaye hospitali ya taifa, Muhimbili. Katika kila ngazi mtu mpya husoma yaliyoandikwa na mtu asiyemwona. Mama akifika juu, Kiswahili chake kimeshageuzwa kuwa Kiingereza cha faili, na majibu yatageuzwa tena kuwa Kiswahili. Neno *mshipa* likiingia ngazi ya kwanza bila kufafanuliwa, linaweza kutoka ngazi ya mwisho likiwa neva, vena au ateri.

## Kinyama

*Kinyama*, udogo wa *nyama*, hutumiwa na watu wengi kwa chochote kilichoota mahali pasipotakiwa: *nyama za pua, kinyama sikioni*. Neno hilohilo hutumiwa kwa sampuli: *amechukuliwa kinyama kikapimwe*. Maana zote mbili hubeba wazo la kitu cha ziada, ambacho kikikatwa mwili haupungukiwi kitu.

Wazo hilo ndilo kosa hapa. Kinachoonekana kama kinyama katika sikio la kati kinaweza kuwa neva ya uso yenyewe iliyovimba. Kukata kipande chake kwa uchunguzi kunaweza kuupooza uso papo hapo, na kukata kipande cha paraganglioma kunaweza kumwaga damu nyingi. Kwa sababu hiyo vipimo vya picha, CT na MRI, hutangulia kisu. Mgonjwa anayeuliza kwa nini daktari hamtoi kile kinyama siku ileile anastahili jibu lisilotumia neno hilo: *Hatujui bado kama ni uvimbe au ni neva. Picha itatuonyesha kabla ya kugusa.*

## Kupooza, kiharusi, nafuu

Uso uliopinda huitwa haraka *kiharusi*. Kiharusi ni maradhi ya mishipa ya damu ya ubongo, nayo huja ghafla. Kwa kawaida kiharusi huacha kipaji kikikunjika, ilhali neva ya uso ikidhurika njiani kipaji nacho hulegea. Kuna pia *kupooza kwa Bell*, kwa jina la daktari wa Uskoti Charles Bell (1774–1842). Huko hufikia kilele ndani ya siku chache, na wagonjwa wengi hupona. Udhaifu unaozidi polepole kwa wiki au miezi, au unaorudi upande uleule, haufanani na viwili hivyo, na ndio unaohitaji kuchunguzwa kwa kutafuta uvimbe. Kwa hiyo mfasiri asiache kutafsiri vielezi vya wakati. *Ghafla* na *polepole* ni nusu ya utambuzi wa maradhi.

Madaktari hupima udhaifu huo kwa vipimo vya House na Brackmann, vilivyochapishwa mwaka 1985, vyenye madaraja 6: la 1 ni uso wa kawaida, la 6 ni kupooza kabisa. Msomaji aelezwe mwelekeo wa namba, kwa maana katika mitihani ya shule daraja kubwa na alama kubwa hazimaanishi jambo moja.

Shwanoma ya neva ya uso ambayo bado haijaudhoofisha uso kwa kawaida huachwa na kufuatiliwa kwa picha. Tafsiri *tutasubiri* husikika kama *hatuna la kufanya*. Ifaayo ni *tutakufuatilia*, pamoja na tarehe. Udhaifu ukizidi, uvimbe huweza kuondolewa na neva ikaungwa kwa kipande cha neva nyingine, au ikatumika mionzi. Baada ya kuunganisha hivyo, matokeo mazuri kabisa huwa takriban daraja la 3: jicho hufumba, lakini uso haurudi kama zamani. Hapo *kupona* ni ahadi kubwa mno. Kiswahili kina neno linalotosha, *nafuu*.

## Muhtasari kwa wafasiri

- Si *uvimbe wa mshipa*. Ni *uvimbe wa neva ya uso* au *uvimbe wenye mishipa mingi ya damu*.
- Si *uvimbe usio hatari*. Ni *uvimbe usio wa saratani*, pamoja na maelezo ya madhara yake.
- Si *neva ya sikio* peke yake. Itajwe neva na sehemu ya sikio.
- Si *kukata kinyama*. Ni *kuchukua sehemu ndogo ya uvimbe kwa uchunguzi* au *kuondoa uvimbe*.
- Si *uso utapona*. Ni *uso utapata nafuu, lakini hautarudi kama zamani*.

Sentensi ya mfano kwa fomu ya ridhaa: *Nimeelezwa kwamba uvimbe ulio katika sikio langu la kati si saratani, kwamba umeota kwenye neva ya uso, na kwamba kuuondoa kunaweza kuudhoofisha au kuupooza uso wangu upande huo.*

Sentensi hiyo ina vishazi vitatu, na kila kimoja kinaweza kuulizwa swali. Mgonjwa anayeweza kuirudia kwa maneno yake mwenyewe ameielewa. Asipoweza, fomu isitiwe sahihi bado.

Tazama pia: ala; fahamu; kiharusi; kiwambo; kolesteatoma; mshipa; neva; saratani; usikivu; uziwi.